Kikombe cha Kitanda cha Saba

Katika wodi ile ya akina mama waliovunjika mifupa, ulikuwa huwezi kutibiwa bila kukojoa kwenye kikombe. Uwe umeanguka bafuni, uwe umegongwa na baiskeli, uwe umeteleza ukimkimbiza kuku, kwanza kikombe. Mfupa utatibiwa baadaye. Nani alianzisha? Usiulize, karatasi yenyewe haikuwepo. Ilikuwa desturi tu, na desturi ya hospitali, jamani, ni ngumu kuliko sheria. Sheria walau unaweza kuuliza imeandikwa wapi.

Mwenye kuvikusanya vikombe hivyo alikuwa mhudumu wa wodi, mwanamke wa miaka arobaini na minane, mnene lakini mwepesi wa miguu, aliyeitwa Mama Pacha kwa ajili ya wasichana wake wawili waliokuwa sekondari. Kila asubuhi alipita na sinia la chuma, vikombe vimebandikwa plasta yenye namba ya kitanda. Saa moja kamili sinia liwe mezani kwa Sista, na kila namba iwe imetiwa alama nyekundu kwenye daftari. Kikikosekana kikombe kimoja, ole wako.

Sista mkuu wa wodi walimwita Sajenti, lakini nyuma ya mgongo wake, maana hakuna aliyekuwa na vichwa viwili. Hakuwa mtu mbaya. Zamani, akiwa bado muuguzi mchanga, alimpoteza mama mmoja aliyekaa wiki nzima na homa, mkojo unamchoma, naye ananyamaza kwa aibu, mpaka ugonjwa ukapanda kwenye figo na kuingia kwenye damu. Sista akaapa hatashtukizwa tena. Nia njema kabisa. Lakini nia hiyo ikazaa sinia, sinia likazaa daftari, daftari likazaa karatasi ya pongezi ukutani, "Wodi Yenye Kumbukumbu Kamili", na hapo hakuna aliyemkumbuka tena yule mama wala homa yake. Kilichobaki ni kikombe.

"Kikombe kitupu ni aibu ya wodi," Sista alizoea kusema, na wiki iliyotangulia kisa hiki alimwambia Mama Pacha maneno hayo mbele ya watu wote, kisha akaongeza kwamba kosa likirudiwa atamwandikia barua. Barua mbili za onyo, kazi huna. Mama Pacha alikuwa tayari anayo moja.

Basi Jumatatu moja jioni kitanda cha saba kikapata mgeni. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, miaka sabini na sita, mwembamba, ulimi wembe. Alikuwa amepanda kigoda kubadilisha balbu, kigoda kikamkataa, nyonga ikavunjika.

"Na balbu yenyewe ilikuwa nzima," aliwaambia wenzake wa wodini hata kabla ya kusalimiana nao vizuri. "Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Miaka thelathini na minne nawafundisha watoto wa watu, soma swali kwanza, soma swali kwanza! Mimi mwenyewe sikusoma."

Wodi ikacheka mpaka walioning'inizwa miguu wakashika kamba zao. Toka hapo hakuna aliyemwita jina lingine ila Mwalimu.

Daktari wa mifupa alimtazama jioni ileile, akasema mambo yako wazi. Jumatano asubuhi atamwekea chuma. "Nyonga ya mtu mzima haingoji," alisema. "Akilazwa sana misuli inakwisha na mapafu yanajaa. Nikimwahi, baada ya miezi miwili atatembea na mkongojo tu." Mwalimu akamwuliza mkongojo wa mbao au wa chuma, maana wa mbao unamfaa zaidi kwa kuwachapia wajukuu.

Jumanne asubuhi Mama Pacha akafika na sinia lake.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba mkojo."

"Marahaba, mwanangu. Wa nini?"

"Wa kupima."

"Kwani nimesema naumwa mkojo? Nimesema naumwa nyonga, na nyonga ni hii hapa. Mimi na mkojo wangu hatujawahi kugombana."

"Ni utaratibu, Mwalimu."

"Utaratibu nauheshimu. Lakini nimekojoa alfajiri, wamenigeuza kwenye kile chombo mpaka nimeona nyota. Sasa hivi ndani hakuna kitu. Rudi mchana, nitakupa na chenji."

Wenzake wakaangua kicheko, na Mama Pacha naye akacheka kidogo. Saa ukutani ilionyesha saa moja kasoro dakika nane.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo katika wodi ile wahudumu wote walilijua na hakuna aliyelisema. Mgonjwa akishindwa kutoa mkojo na saa imefika, kikombe chake kwa kawaida hakikubaki kitupu. Kilijazwa. Wapo wagonjwa waliowekewa mpira wa mkojo, na mfuko umening'inia chini ya kitanda, umejaa, haumwulizi mtu ruhusa. Unafungua kizibo cha chini, unajaza kikombe cha mwenzake, unapiga alama nyekundu, Sista anafurahi. Aliyemfundisha Mama Pacha kutandika kitanda ndiye aliyemfundisha na hilo. Mkojo ni mkojo, alimwambia, utapimwa, utamwagwa, nani atakumbuka?

Kwenye kitanda cha nane, ubavuni mwa Mwalimu, alilala bibi mmoja mkimya aliyekuwa na mpira kwa mwezi mzima. Mwalimu aligeuza uso dirishani kutazama mvua. Mama Pacha akainama kana kwamba anaokota kitu. Alipoinuka, kikombe cha saba kilikuwa na mkojo, na daftari lilikuwa na alama yake nyekundu.

Mchana ule alikuwa anapiga deki mbele ya meza ya Sista aliposikia daktari wa zamu akisoma majibu. Vijidudu tele. Usaha. Mkojo mchafu.

"Kitanda cha saba tuahirishe upasuaji," daktari alisema. "Siwezi kutia chuma kwenye mwili wenye maambukizi. Tumwanzishie antibiotiki leo hii, tukipata majibu kamili Ijumaa tutapanga upya."

Fimbo ya deki ikamponyoka Mama Pacha, ikaanguka kwa kishindo. Sista akamwuliza kama amelewa. Akasema hapana, mikono ina sabuni. Basi hilo ndilo alilosema. Angeweza kusema lile lingine palepale, kabla hata sindano ya kwanza haijavutwa, na kisa chote hiki kingekuwa kifupi. Lakini alikuwa na barua moja kabatini na watoto wawili shuleni, akajiambia dawa haijawahi kumdhuru mtu, siku tatu nne si kitu, atapona asichoumwa na mambo yatakwisha. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Ijumaa majibu kamili yakaja. Vijidudu vile ni sugu, dawa ya kwanza haiviwezi. Wakaitoa, wakaweka kali zaidi, ya dripu, mara tatu kwa siku. Upasuaji ukaahirishwa tena.

Na usiku wa kuamkia Jumamosi tumbo la Mwalimu likafunguka.

Jumamosi aliendesha mara saba, Jumapili mara tisa. Mtu mwenye nyonga iliyovunjika hawezi kukimbilia choo. Anaendesha hapohapo, kisha anageuzwa kusafishwa, na kila anapogeuzwa mfupa unasagana. Mama Pacha ndiye aliyekuwa zamu. Alimsafisha, akabadilisha shuka, akatandika nailoni mpya juu ya godoro, na hajamaliza kunawa mikono anaitwa tena. Mwalimu hakupiga tena mzaha. Macho yalizama, midomo ikakauka. Aligeukia ukuta, na kila mara alisema neno moja.

"Nisamehe, mwanangu."

"Usijali, Mwalimu."

"Nisamehe. Sikuwahi kuwa hivi. Mtu mzima kuchafua kitanda kama mtoto! Nisamehe sana."

Mara kumi na sita kwa siku mbili. Mama Pacha hakutaka kuhesabu, lakini alijikuta anahesabu. Yeye ndiye mkosaji, na aliyekosewa ndiye anayemwomba radhi, huku amegeuza uso kwa aibu! Kama kuna adhabu kali kuliko hiyo, mimi siijui.

Jumapili jioni alimweleza wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mshona nguo waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja. Wifi alisikiliza bila kunyanyua mguu kwenye cherehani. Alipomaliza pindo, akakata uzi kwa meno.

"Umeulizwa?"

"Sijaulizwa."

"Basi. Mdomo uliofungwa hauingiwi na nzi."

"Wifi, yule mama anaisha."

"Wazee huisha. Na wewe ukifukuzwa, hawa watoto watakula huruma yako? Kaa kimya, mhudumie vizuri, umpelekee na uji. Mungu anaona moyo."

Mama Pacha akapika uji. Jumatatu asubuhi akaupeleka kwenye chupa ya chai. Mwalimu alikunywa vijiko viwili, akauliza leo ni siku gani, akaambiwa Jumatatu. "Jumatatu niliingia," alisema polepole, "Jumatatu tena. Saba." Halafu akasahau alikuwa anahesabu nini, yeye mwalimu wa hesabu, akaanza kulia. Hapo ndipo Mama Pacha alipoogopa kweli.

Asubuhi ileile mfamasia akapanda wodini. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, hana hata miezi mitatu hospitalini, na tayari walishampa jina la Bi Kwanini. Kila dawa kwa nini, kila sindano kwa nini. Madaktari wengine wakimwona mwisho wa korido walikumbuka ghafla kwamba wana simu ya kupiga. Alisimama kwenye meza ya Sista na karatasi mbili mkononi. Daktari wa zamu alikuwepo, Sista alikuwepo, na Mama Pacha alikuwa anafuta vioo vya dirisha hatua tatu kutoka pale.

"Shikamoo, mama," Bi Kwanini alimsalimu kwanza yeye, kisha akawageukia wengine. "Haya majibu ya kitanda cha saba na cha nane. Vijidudu vyao ni ndugu wa tumbo moja. Dawa zinazoviua ni zilezile, zinazoshindwa ni zilezile. Nimeyaweka pamoja, hakuna tofauti hata moja."

"Basi vimetoka nane vikaenda saba," daktari alisema. "Vinasambaa. Tumhamishe saba chumba cha peke yake na tubadilishe dawa, tumpe ile ya mwisho."

"Ile inaumiza figo, daktari. Ameendesha siku tatu, amekauka."

"Ulitaka nifanyeje? Nimpeleke kwenye kisu na uchafu wote huo? Tutasubiri wiki nyingine."

"Nilitaka kujua kitu kimoja. Kabla ya kikombe, alilalamika nini? Homa? Mkojo kuchoma? Maumivu ya tumbo?"

Daktari akafungua faili. Akageuza ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza.

"Hakuna."

"Sasa nani aliagiza kipimo?"

Daktari akamtazama Sista. Sista akatazama daftari lake.

"Hakuagiza mtu," Sista alisema. "Ni utaratibu wa wodi. Hapa kila mtu anapimwa."

Wiki nyingine, Mama Pacha alikuwa anasikia kichwani. Wiki nyingine, na dawa ya kuumiza figo, na chumba cha peke yake, ambako hakuna hata wa kumchekesha. Atakufa mle. Hakuwaza tena barua wala ada ya shule. Aliweka kitambaa kwenye ndoo, akajifuta mikono kwenye sare.

"Mkojo ule si wake," alisema.

Waligeuka wote watatu.

"Umesemaje?" Sista aliuliza.

"Mkojo wa kitanda cha saba si wa Mwalimu. Ni wa nane. Nilijaza mimi, kwenye mfuko. Mwalimu alikuwa hana mkojo na saa ilikuwa imefika."

Sista akalipuka. Miaka kumi na tisa! Miaka kumi na tisa anamwamini kama mtoto wa nyumbani, kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Mama Pacha aliyapokea yote ameinamisha kichwa. Bi Kwanini akangoja Sista avute pumzi.

"Mama," alimwambia kwa upole, "ni mara ya kwanza?"

"Hapana."

"Mara ngapi?"

"Sijawahi kuhesabu."

Daktari alivuta kiti akakaa, akaweka kalamu mezani taratibu. Bila shaka naye alikuwa anawafikiria wagonjwa wa mwezi uliopita, na wa mwezi ule mwingine, aliowaandikia dawa kwa vikombe vya sinia lile.

"Basi nimemuumiza mimi," Mama Pacha alisema, na machozi yakamtoka. "Ningesema Jumanne, asingepewa dawa."

"Ulikosea, mama, na kosa lako ni kubwa," Bi Kwanini alisema. "Sitakudanganya. Lakini tuseme ungekuwa mkojo wake kweli. Wanawake wengi wa umri wake ukiwapima utakuta vijidudu. Vipo tu mle, vinakaa, havimsumbui mwenyewe. Mtu asiyeumwa chochote, hana homa, hachomwi, ukimpa antibiotiki unamtibu nini? Unaua na vile vizuri vya tumboni, anaendesha. Na upasuaji wa nyonga haungojei hilo. Angepewa dawa ileile, na angeahirishwa vilevile, na hakuna ambaye angelia."

Masikio ya daktari yaliiva kwa aibu.

Bi Kwanini akaomba daftari, wakalihesabu palepale na mafaili pembeni. Mwezi uliopita, vikombe sitini na viwili. Waliokuwa na dalili yoyote ya ugonjwa wa mkojo, wanne. Waliopewa antibiotiki, kumi na tisa. Sista alihesabu mara ya pili kwa kidole chake mwenyewe, akitumaini hesabu itamhurumia. Haikumhurumia.

Kabla ya saa sita dripu ya dawa ilikuwa imetolewa, yakawekwa maji tu na chumvi zake. Daktari wa mifupa alipigiwa simu, akafoka kwanza, kisha akasema Alhamisi, tumbo likitulia. Sista akavifungia vikombe kabatini, akatia ufunguo mfukoni, akatangaza kwamba kuanzia leo kikombe hakitoki mpaka daktari aandike kwenye faili mgonjwa analalamika nini. Aliongea kwa sauti yake ileile ya kijeshi, lakini alikuwa hamtazami mtu machoni. Halafu akamwita Mama Pacha pembeni. Barua itakuja. Hatafukuzwa, kwa sababu amesema mwenyewe, lakini Ijumaa anahamia kufulia, na huko ndiko atakakostaafia.

"Na mgonjwa asiambiwe," Sista alimalizia. "Haya tunayamaliza humuhumu ndani. Umenielewa?"

"Ndiyo, Sista."

Alielewa vizuri sana. Na Jumanne asubuhi, alipokuwa anamwogesha Mwalimu, ambaye tumbo lilianza kupoa na macho yakaanza kuona watu, Mwalimu akasema tena kwa sauti ndogo, "Nisamehe, mwanangu, nakuchosha." Mama Pacha akaliweka taulo chini.

"Mwalimu, usiniombe msamaha tena. Tafadhali. Si wewe wa kuomba."

Akamweleza yote, toka kikombe mpaka kitanda cha nane mpaka dripu. Hakupunguza wala hakujitetea. Mwalimu alimsikiliza bila kupepesa macho, kama mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa sina ugonjwa."

"Hukuwa nao."

"Ulipoona nakataa, kwa nini hukuniambia kwamba utagombezwa? Nilikuwa natania tu, mwanangu. Ungeniambia 'Mwalimu, nitafukuzwa kazi,' ningekunywa jagi zima la maji nikukojolee hata kwa kilio."

Mama Pacha akaokota taulo, akalikunja.

"Nawe siku tatu," Mwalimu aliendelea, "siku tatu unanisikia nakuomba radhi. Nimelala hapa nasema mwili wangu umeoza, nimekuwa mtu wa kunuka, heri nife nisiwasumbue watoto wangu. Na wewe unajua. Unanifuta, na unajua!"

"Nilijua."

"Toka hapa. Niitie mwingine anivalishe."

Akatoka. Alijikaza mpaka stoo ya shuka, akafunga mlango, akalia mpaka pua ikaziba. Siku ile na iliyofuata, kitanda cha saba kilihudumiwa na mwenzake. Mama Pacha alipopita pale na ndoo, Mwalimu aligeukia dirisha. Na Sista, ambaye kwa sura ya wodi alijua wazi kwamba amri yake imevunjwa, hakumwuliza neno.

Alhamisi saa mbili asubuhi machela ikaja. Tumbo lilikuwa limetulia siku nzima, maji yamerudi mwilini, daktari wa mifupa ameridhika. Msukuma machela alikuwa ameshashika vyuma aliposikia Mwalimu akisema ngoja.

"Yuko wapi yule?"

"Nani, mama?"

"Mama Pacha. Anisukume yeye."

Mama Pacha aliitwa kutoka bafuni, mikono imelowa. Alisimama miguuni pa machela bila kujua aweke wapi macho.

"Sijakusamehe," Mwalimu alimwambia mbele ya watu. "Tusidanganyane. Lakini ninaingia mle wananilaza, sijui kama nitaamka, na nataka mtu wa kunisubiri mlangoni. Watoto wangu watafika mchana. Wengine hawa ni watu wema, watakaa kidogo wataenda kunywa chai. Wewe ulivyonikosea hutaenda popote."

Ni kweli, hakuenda. Alimsukuma korido nzima, akapunguza mwendo kwenye kila ufa wa sakafu, na mlango ulipofungwa akasimama ukutani. Kiti kilikuwepo, hakukikalia. Saa tatu, saa nne, saa tano. Sista alipita mara moja, akamkuta, akafungua mdomo kumwambia arudi kazini, kisha akaendelea na safari yake.

Saa tano na nusu daktari wa mifupa akatoka, barakoa iko kidevuni.

"Chuma kimekaa vizuri," alisema. "Lakini siku kumi ni nyingi. Misuli imelegea, na kule kuendesha kumemmaliza nguvu. Ule mkongojo niliomwahidi asahau. Atatembea na fremu ya kushika kwa mikono miwili, tena akijitahidi. Mtamwambia taratibu, asivunjike moyo."

Mwalimu aliamka kamili alasiri, wanawe wameshafika, wako nje wanaongea na daktari. Mama Pacha alikuwa anamlowanisha midomo kwa pamba.

"Daktari amesemaje?" Mwalimu aliuliza.

"Wanao wanakuja sasa hivi, watakueleza."

"Wanangu watanificha. Daktari ataniambia nisivunjike moyo. Niambie wewe."

Mama Pacha akaweka pamba kwenye kisahani. Akavuta kiti, akakaa karibu na sikio lake, akamwambia. Fremu, si mkongojo. Mikono miwili, si mmoja. Na kama ingekuwa Jumatano ile ya kwanza, ingekuwa mkongojo. Hilo la mwisho hakuna aliyemlazimisha kulisema, lakini alilisema.

Chozi moja likamtoka Mwalimu likaingia sikioni, na Mama Pacha hakuthubutu kulifuta.

"Mazoezi yanaanza lini?"

"Kesho saa tatu. Ila mimi kesho sitakuwepo, Mwalimu. Nahamia kufulia."

"Kufulia ni wapi?"

"Nyuma ya jengo hili. Unatoka mlango wa jikoni, unafuata ukuta. Kama hatua mia mbili."

"Zako au zangu?"

"Zangu."

Mwalimu akafumba macho. Midomo ilikuwa inacheza, na Mama Pacha akadhani anasali, mpaka alipotambua kwamba anapiga hesabu.

"Kwa fremu ni mia nne," Mwalimu alisema. "Nipe mwezi. Nikifika nitakwambia kama nimekusamehe."